"Koselig" ya Wanorwei ni nini hasa? Jirani alikaa dakika 20 akaaga

BintiKigoma:
Habari za leo wakuu. Niko Tromsø, kaskazini mwa Norwei, tangu Agosti, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Kuna neno nalisikia kutwa: koselig. Wanalitamka "kuseli", ile g ya mwisho haisikiki. Nikimpelekea bibi mmoja kahawa na wafeli yenye jibini lao la kahawia, koselig. Theluji ikianguka dirishani, koselig. Mtu akiniaga baada ya maongezi, yalikuwa koselig. Nikiuliza maana, wanatabasamu na kusema halitafsiriki.

Sasa wiki iliyopita nilimkaribisha jirani yangu wa chini. Nikadeki, nikapika pilau na kachumbari, nikakaanga sambusa, nikawasha taa zote, na TV pia. Kila sahani ikipungua nainuka kumwongezea. Alikula vizuri, akashukuru, na baada ya dakika 20 akaaga. Niliumia sana. Nilikosea wapi? Na hilo neno, kwa Kiswahili tungesemaje?

MamaKaskazini:
Pole mdogo wangu. Pilau yako haina kosa. Mimi naanzia kwenye taa.

Nina miaka 14 hapa na mwaka wa kwanza nilifanya hivyohivyo. Sisi tumekua tukijua mgeni akija unawasha taa. Mshumaa ni umeme umekatika au LUKU imeisha, na kibatari ni dhiki. Ukimkalisha mgeni gizani umemdharau. Hapa mwanga mkali wa darini ni wa ofisini na hospitali. Utaona mwenyewe: mwishoni mwa Novemba jua linatuaga na halichomozi tena hadi katikati ya Januari. Giza lote hilo watu hawashindani nalo kwa taa kubwa, wanaliwekea vimoto vidogo vidogo.

Mimi nilielewa kwa mama mmoja niliyefanya naye kazi. Nilifika kwake saa kumi na moja jioni, nje giza totoro. Nikiwa bado navua viatu akazima taa ya dari, nikadhani anabana umeme. Kisha akachukua kiberiti: mshumaa mmoja dirishani, miwili mezani, mmoja kwenye rafu ya vitabu. Akapiga magoti mbele ya jiko la kuni, akachana ganda jeupe la mti wa bjørk, ambalo hushika moto kama karatasi, akapanga vijiti juu yake, akangoja uwake ndipo akaweka gogo. Akanipa soksi za sufu alizofuma mwenyewe. Halafu akakaa. Kahawa ilikuwa kwenye chupa, kila mtu anajimiminia. Hakuinuka tena ila kuongeza kuni. Tulinyamaza muda mrefu tukitazama moto kwenye kile kioo cha jiko, na hakuna aliyehangaika kutafuta la kusema. Nilitoka pale saa tatu usiku nikajua nimependwa.

Na usione kuni ni jambo dogo. Mwaka 2013 televisheni ya taifa, NRK, ilirusha kipindi cha kuni cha saa 12, sehemu kubwa moto unawaka tu, na watazamaji wakatuma ujumbe kubishana kama ganda la gogo lielekee juu au chini.

Kwa hiyo ulipokuwa ukiinuka kila mara, jirani aliona anakutaabisha. Akaondoka kwa kukuhurumia.

BabaMapacha_Bergen:
Mama amesema kweli, ila niongeze upande wenye uchungu. Koselig ina mlango. Wengi wanakaa na marafiki walewale tangu shule, na hupiti tu ukagonga kama kwetu Tanga, mnapanga siku kabla. Miaka mitatu ya mwanzo nilikuwa nazisikia habari zake Jumatatu kazini basi. Ilinitesa, sitaficha.

Kilichonifungulia ni dugnad, yaani msaragambo: majirani tunafagia uwanja, tunapaka rangi uzio, kisha soseji na kahawa ya pamoja. Pale nikaalikwa. Sasa wanangu hawakubali kukosa fredagskos, kos ya Ijumaa: taco, blanketi moja watu wanne, mvua ya Bergen inagonga dirisha. Peremende zinangoja Jumamosi.

Mkaabarazani:
Kuhusu neno. Raha ni kubwa mno, starehe siku hizi imebeba pombe na muziki, utulivu hauna watu ndani yake. Mimi mtu wa Unguja nasema karibu kabisa ni kubarizi: jioni, kahawa chungu, kashata, mazungumzo yasiyo na haraka. Na wao pia wana kitenzi, å kose seg, jambo unalolitenda. Tofauti ni kwamba baraza iko nje na apitaye hukaribishwa, yao iko ndani na mlango umefungwa. Ila wao husema kose seg hata kwa mtu aliye peke yake na kitabu. Kubarizi peke yako sijapata kusikia.

BintiKigoma:
Ahsanteni sana. Mama, shikamoo. Jana nimemwalika tena. Sikupika. Nilichoma maandazi ya iliki mapema, nikaweka chai kwenye chupa, nikazima taa ya dari kabla hajafika. Mikono ilikuwa inatetemeka, nikijilazimisha kukaa. Akasimulia habari za marehemu mumewe, jambo ambalo hajawahi kunigusia hata kidogo. Aliondoka saa nne kasoro robo. Mlangoni akanishika mkono akalisema lile neno, na sikuhitaji tafsiri.

MamaKaskazini:
Marahaba mwanangu, umenitoa machozi. Mshumaa wa dirishani usiuweke karibu na pazia. Na tarehe 21 Januari, siku ya kushangilia jua kurudi hapa mjini, njoo kwangu asubuhi tukaange solboller. Ni maandazi tu, yenye jemu ndani. Mlete na jirani.