Tupeane uzoefu: ukitembea karibu na unapoishi huku Scotland, unakutana na nini?

Mzee wa Leith (mwanzisha mada)

Wadau, salaam. Kila tunapokutana Waswahili wa huku, iwe msibani au harusini, maongezi ni zamu za kazi, kodi ya nyumba na baridi. Ni nadra kumsikia mtu akisimulia ndege aliyemwona au njia aliyoipita, na mambo hayo yamejaa hatua chache tu kutoka kituo cha basi. Nafungua uzi huu tupeane uzoefu. Milima mirefu tuwaachie wapanda milima. Nataka matembezi ya kawaida, yale ya jioni baada ya kazi au ya Jumapili na watoto.

Naanza mimi. Edinburgh kuna njia ya miguu inayofuata mto Water of Leith kutoka Balerno mpaka Leith baharini. Kipande ninachokipenda ni cha Dean Village, mto unapopita chini kabisa bondeni na mji uko juu ya kichwa chako. Pale yupo ndege anayeitwa dipper. Ni mnene, rangi ya kahawia iliyokolea, kifuani mweupe pe. Anasimama juu ya jiwe katikati ya mto, anachuchumaa na kuinuka, anachuchumaa na kuinuka. Mara anaingia majini mzima mzima, anatembea chini ya maji akipekua mawe kutafuta wadudu, kisha anaibuka mbele kidogo na kurudi juu ya jiwe kana kwamba hajalowa. Ukiwa karibu utaona kila akipepesa jicho panatokea nukta nyeupe, kwa sababu kope zake zina manyoya meupe. Mimi husimama darajani nikimtazama hadi vidole vife ganzi.

Jambo moja niliseme mapema maana najua linawazuia wengi: hofu ya kuingia kwenye ardhi ya mtu. Scotland ina sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inayompa kila mtu, awe mwenyeji au mgeni, haki ya kupita kwa miguu, kwa baiskeli au kwa farasi kwenye sehemu kubwa ya ardhi na maziwa, hata kama vina mwenyewe. Sharti ni uwe mwangalifu: usikanyage mazao, pita pembeni, bustani ya nyumba ya mtu iache, geti ulilolikuta limefungwa lifunge. Ukishalijua hili, unatembea kifua mbele.

Karibuni.

Kijana wa Pangani

Shikamoo mzee. Umenigusa, kwa sababu mimi niliingia kwenye haya mambo kupitia ndege mmoja tu.

Niko Fife. Karibu na Guardbridge mto Eden unaingia baharini, na maji yakipwa yanaacha tope pana mno. Siku moja napita zangu nikasikia mlio, nikasimama papo hapo. Sululu! Yule yule tuliyekuwa tukimwona kwetu maji yakitoka, miguu mirefu, mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini. Wa huku ni mkubwa zaidi ya wale niliowazoea utotoni, lakini mwendo ni ule ule. Nikakaa kwenye jiwe kumtazama. Anatumbukiza mdomo wote mpaka uso unagusa tope, anauzungusha taratibu, kisha anavuta mnyoo. Anaurusha kidogo hewani ili uteremke kooni, maana kwa urefu wa ule mdomo hawezi kuumeza ukiwa nchani. Sikuwa hata na darubini.

Tangu hapo nafuata majira ya maji kama mvuvi. Septemba wanaingia mabata bukini kutoka Iceland na Greenland, wale wenye miguu ya waridi. Unawasikia kabla hujawaona, kelele juu huko, ukiinua macho mistari imechora anga nzima. Wengi hushukia Loch Leven. Ziwa lile lina njia inayolizunguka, kama kilomita 21, tambarare tupu, hata ukiwa na kigari cha mtoto unapita. Si lazima uimalize yote.

Na ukiwa Tentsmuir, ule msitu wa misonobari ulio ufukweni, angalia kwenye mafungu ya mchanga. Sili (seal), wale wanyama wa baharini wenye mapezi, hulala pale kwa makundi. Wakianza kuinua vichwa kukutazama, jua umeshawakaribia vya kutosha, rudi nyuma.

Mama Wawili, Perth

Mwanangu wa Pangani, nimesoma nikatamani kuja leo leo.

Sisi tunapenda upande wa Dunkeld, kwenye hifadhi ya Loch of the Lowes. Kuna chumba chenye dirisha kubwa na nje wameweka chakula cha ndege. Wanangu waliganda kwenye kioo. Kindi wekundu! Masikio yana vishungi, mkia mkubwa unafunika mgongo, anashika njugu kwa vidole viwili vitatu na kuizungusha. Kindi hawa wamepungua sana Uingereza kwa jumla, na wengi wa waliobaki wako huku Scotland. Aliyewasukuma ni kindi wa kijivu, aliyeletwa kutoka Marekani karne ya 19. Yeye hubeba virusi vya ndui ya kindi bila kudhurika, akimwambukiza mwekundu, mwekundu anakufa. Mwanangu wa kwanza alipoelezwa hilo alinyamaza njia nzima ya kurudi, kisha akauliza kwa nini watu walileta wanyama wasiowajua. Sikuwa na jibu la kumtosheleza.

Sasa tukiingia msituni wana mchezo wao: kutafuta tunda la msonobari lililotafunwa na kindi. Magamba yote yamenyofolewa, kimebaki kijiti cha katikati na kishungi kidogo nchani. Mkiona hayo chini ya mti, inueni vichwa, msipige kelele.

Ziwa hilo hilo ndiko anakotaga osprey, tai anayekula samaki. Anafika kuanzia mwishoni mwa Machi, na baridi ikikaribia anaondoka kwenda Afrika Magharibi. Hawa walishatoweka Scotland, wakaanza kurudi kuzaliana kule Loch Garten katika miaka ya 1950, na watu wakalinda viota vyao usiku na mchana dhidi ya wezi wa mayai. Nampenda sana ndege huyu, na nawapenda zaidi wale walinzi.

Jingine la haraka: ukipita kando ya mito ya huku Perthshire utakuta miti imekatwa chini, na vipande vya mbao vimezagaa vikiwa na alama za meno. Ni biva (beaver), mnyama wa mtoni anayekata miti kwa meno. Tangu Mei 2019 wanalindwa kisheria. Wenyewe hutoka jua likizama kuelekea usiku, nyamazeni mngoje.

Mkamba wa Glasgow

Asanteni sana kwa uzi huu. Swali langu ni moja: nyoka je? Mke wangu hakanyagi nyasi kabla hajajibiwa.

Mzee wa Leith

Mkuu, mwambie shemeji atulie. Nyoka mwenye sumu hapa ni mmoja tu, anaitwa adder, wa ukoo mmoja na kifutu. Ana mstari wa vipembe unaopita mgongoni. Ni mwoga, akisikia kishindo chako anajiondoa mwenyewe. Majira ya kuchipua huota jua kando ya njia, hasa kwenye vichaka vya milimani. Vaeni viatu vya kufunika kifundo, msitie mikono chini ya mawe. Ikitokea ameuma, ni hospitali moja kwa moja, kiungo kitulizwe kisitikiswe.

Mama wa Bukavu, Glasgow

Jambo wote. Mimi niko Maryhill, na mfereji wa Forth and Clyde uko nyuma ya nyumba yetu. Ulichimbwa zamani kwa ajili ya meli, ulikamilika 1790, sasa ni wetu sisi watembea kwa miguu na bata maji weupe. Korongo wa kijivu anasimama ukingoni asubuhi nzima bila kutikisika. Wanangu wamempa jina la babu yao.

Ila mimi ni mtu wa jikoni, basi niwaambie vya kuchuma. Aprili na Mei, kando ya mto Kelvin, ardhi yote chini ya miti inageuka kijani kwa kitunguu saumu cha mwituni. Harufu yake inakufikia kabla hujaona jani. Mimi hutia kwenye sombe (kisamvu), wageni wananiuliza nimeweka nini. Lakini dada zangu, sikilizeni vizuri: mahali hapo hapo humea mimea mingine yenye majani ya kijani yanayofanana nayo, na ile ina sumu. Chuma jani moja moja, livunje, linuse. Lisiponuka kitunguu, tupa. Usikwangue rundo zima kwa mkono, na usichume mahali ambapo mbwa hupita.

Kuanzia Agosti ni zamu ya beri nyeusi za miibani. Watoto wanarudi midomo ya zambarau.

Jumapili tunakwenda Pollok Park kuwatazama ng'ombe wa Highland, wale wenye nywele ndefu hadi kufunika macho. Nywele ndefu za juu zinateremsha mvua, na chini yake kuna manyoya laini ya kuzuia baridi, kwa hiyo wanashinda nje kwenye theluji. Mume wangu alikulia kwenye ng'ombe. Anasimama kwenye uzio anawazungumzia kwa kilugha chetu, na mimi namwachia nafasi yake.

Muuguzi wa Malindi, Aberdeen

Mama wa Bukavu, hiyo sombe naifuata Glasgow!

Aberdeen kuna mahali panaitwa Torry Battery, ngome ya kale juu ya mlango wa bandari. Pomboo wanakuja kuwinda samaki pale pale meli zinapopita. Nilianza kwenda nikitoka zamu ya usiku kabla ya kulala. Kuna asubuhi moja bahari ilikuwa kijivu, nimechoka, kazini usiku ule ulikuwa mgumu na siwezi kuueleza hapa. Pomboo akaruka mwili wote nje ya maji, nikasikia kishindo alipoanguka, na nikasikia pumzi yake ikitoka, pfuu. Alikuwa na mtoto ubavuni. Nililia, wallahi. Sijui niliwalilia wao au nilimlilia mgonjwa wangu, lakini nilifika nyumbani nikalala vizuri.

Kwa wenzangu wa pwani, Mei tembeeni kando ya bahari penye vichaka vya miiba vyenye maua ya manjano. Kichaka hicho kinaitwa gorse. Jua likipiga, maua yananukia nazi iliyokunwa sasa hivi. Nilisimama nikageuka kutafuta nani anapika.

Na mkienda Newburgh kuwaona sili kwenye mdomo wa mto Ythan, watazameni mkiwa ng'ambo, upande wa kijijini. Ukiwasogelea wanakimbilia majini kwa hofu, wanaumia na kupoteza nguvu wanazozihitaji.

Mchungaji wa Manyara, Dumfries

Nafanya kazi shamba la kondoo, basi niongee kwa upande wa wenye mifugo.

Aprili kondoo wanazaa. Mbwa wako hata awe mpole, mfunge kamba. Kondoo mwenye mimba akikimbizwa anaweza kuharibu. Ng'ombe mwenye ndama mzungukie mbali, na kama una mbwa na ng'ombe wakakujia, mwachie mbwa kamba akimbie, wewe toka zako taratibu.

Pili, kupe. Wako kwenye nyasi ndefu na kwenye majani ya bracken, aina ya jimbi, na wengine hubeba bakteria wa ugonjwa wa Lyme. Ingiza suruali kwenye soksi, ukirudi jikague: nyuma ya magoti, kinena, kwapa, na watoto wakague nyweleni. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumminya tumbo. Mafuta na kiberiti achana navyo. Siku au wiki kadhaa baadaye ukiona duara jekundu linatanuka, au homa na uchovu, nenda kwa daktari umwambie uliumwa na kupe.

Mbali na hayo nina raha yangu. Baridi ikianza, mabata bukini wa Svalbard wanajaa pwani ya Solway, kule Caerlaverock. Weusi, weupe na kijivu, wanabweka juu ya malisho. Na majira ya joto mbayuwayu wanajenga ndani ya zizi letu. Wanafika Aprili, wanalisha makinda juu ya vichwa vyetu tukikata kwato, na Septemba wanapanga foleni kwenye nyaya kwenda hadi Afrika Kusini. Bosi wangu haruhusu mtu kufunga kidirisha cha juu mpaka wa mwisho aondoke, na hilo nimelipenda sana kwake.

Mkamba wa Glasgow

Mke wangu amesoma yote, amekubali! Sasa gari hatuna, na watoto ni watatu. Na jua la Desemba?

Mama Wawili, Perth

Kaka, watoto wa miaka 5 hadi 21 wanaoishi Scotland wanapanda basi bure tangu Januari 2022, ila lazima wawe na kadi. Omba kupitia shuleni au halmashauri. Nauli inabaki yenu wawili tu. Kwa mwanzo shukeni Milngavie, mwingie Mugdock. Kuna msitu, ziwa na magofu ya ngome, na njia zimewekwa alama.

Desemba jua linazama kama saa tisa na dakika arobaini alasiri, basi tokeni saa nne asubuhi, muwe mmerudi kwenye basi saa nane. Tochi, chai kwenye chupa, na soksi za ziada kwa kila mtoto. Mkisikia mbwa anabweka msituni jioni na hamumwoni, msishtuke: ni kulungu mdogo, yule roe, anawaambia wenzake mmefika. Simameni kimya dakika moja, mtaona kitako cheupe kikirukaruka.

Tuma picha hapa.