Kisima chenye floraidi kupita kiasi: kifungwe au kiachwe?

Tonemaji, Nakuru
Wenzangu, tujadili. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha floraidi, madini ya asili yanayoyeyuka majini, katika maji ya kunywa kuwa miligramu 1.5 kwa lita. Visima virefu vingi huku Bonde la Ufa, kuanzia Naivasha hadi Njoro, huvuka hapo kwa sababu maji hukaa muda mrefu ndani ya miamba ya volkano. Msimamo wangu: kisima kikivuka kikomo, pampu izimwe mpaka kiwekewe mtambo wa kuchuja. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inataja maji safi na salama, na huduma ya maji ni kazi ya kaunti. Siku ya uzinduzi tunatangaziwa kisima kinatoa lita ngapi kwa saa, lakini karatasi ya maabara haisomwi na mtu. Nipingeni.

Fundi wa Rongai
Nakupinga. Zima pampu leo, kesho watu wako mtoni na mitungi. Kipindupindu kinaweza kumuua mtu kwa saa chache, floraidi hula meno na mifupa kwa miaka. Tena maji hayo kwa kufua, kuoga na kupiga deki hayana neno. Shida inaingilia mdomoni tu, na kwa kunywa na kupika mtu mmoja hutosheka na lita 5 hivi kwa siku. Kuchuja maji yote ya kijiji ili mengine yamwagwe sakafuni ni kupoteza pesa. Kisima kiachwe wazi, kiwango chake kipakwe rangi kubwa juu ya tangi, na maji ya kinywa yatafutwe kando.

Binti Njoro
"Yatafutwe kando" na nani, fundi? Wanaobeba mitungi tunawajua. Na mpangaji wa chumba kimoja kwenye ploti hana paa la kukinga mvua wala mahali pa kuweka tangi. Mwenye ploti akikataa, huyo mama atanunua mtungi wa lita 20 kila siku au atampikia mtoto uji kwa maji yale yale.

Omuloli, Kakamega
Samahani kuuliza. Kwani wakichemsha au kutia dawa ya klorini haitoshi?

Mwalimu wa Bahati
Haitoshi, ndugu yangu. Klorini huua vijidudu, floraidi haiigusi. Kuchemsha ndiko kubaya zaidi: maji hupungua kwa mvuke, floraidi inabaki sufuriani, kwa hiyo kila lita inayosalia ina nyingi kuliko mwanzo. Haina rangi, harufu wala ladha.

Jambo la umri lisisahaulike. Meno huharibika yakiwa bado yanajengwa ndani ya ufizi, tangu kuzaliwa hadi miaka 8 hivi, na ya mbele huamuliwa mapema zaidi. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana. Hatari huanza mtoto anapoanza uji na maziwa ya unga. Chai ya rangi iliyokolea huongeza, kwani majani yenyewe yana floraidi. Magadi ya kulainishia mboga pia yanayo. Na kijana mwenye meno ya kahawia asisimangwe kuwa hapigi mswaki: rangi imo ndani ya jino, hata akisugua kwa mkaa au jivu haitoki.

Sasa hesabu. Mvua ya milimita 1 juu ya paa la mita mraba 30 ni lita 30. Nakuru hupata takriban milimita 900 kwa mwaka. Toa sehemu moja kati ya tano inayopotea, zinabaki lita 21,600. Watu watano, kila mmoja lita 5, yaani 25 kwa siku, wanahitaji lita 9,125 kwa mwaka. Kiangazi cha siku 100 kinavukwa na tangi la lita 2,500, mradi lisitumiwe kufulia. Wengi huanguka hapo.

Maji ya mvua hayana floraidi ya kutaja, kwa hiyo yanaweza kuchanganywa. Kisima chenye miligramu 3 kwa lita: nusu kwa nusu. Chenye miligramu 4.5: kipimo kimoja cha kisima kwa viwili vya mvua. Lakini pima kwanza maabarani, na sampuli ibebwe kwa chupa ya plastiki, si ya kioo. Usitumie kipimo cha kisima cha jirani. Viwili vilivyo karibu vinaweza kutofautiana sana.

Tonemaji
Na vichujio vya mkaa wa mifupa? Dayosisi Katoliki ya Nakuru imefanya kazi hiyo miaka mingi.

Fundi wa Rongai
Vinafanya kazi, lakini mkaa huo una adabu zake. Mifupa huchomwa kwa hewa kidogo, joto la nyuzi 400 hadi 500. Ukiona kahawia haikuiva, maji yatanuka. Ikiwa nyeupe imeungua, uwezo wa kushika floraidi umeshuka. Waislamu watauliza ni mifupa ya mnyama gani, na Wahindu wengi hawataki ya ng'ombe, kwa hiyo jamii iulizwe kabla ya kununua.

Ubaya mkubwa ni kwamba mkaa ukishiba, maji hutoka mazuri vile vile kwa macho. Maji yenye floraidi maradufu hushibisha mkaa kwa karibu nusu ya muda. Ndiyo maana mitambo ya wafadhili hufia njiani: bajeti ina pesa za kununua, haina za kubadilisha mkaa wala kupima kila mwezi. Mitambo ya kuchuja kwa kusukuma maji kwenye utando nayo inadai stima, na sehemu ya maji hutupwa ikiwa na floraidi nyingi zaidi.

Tonemaji
Basi narudi nyuma hatua moja: pampu isizimwe, ila kisima cha umma kisifunguliwe bila bomba la pili la maji ya kunywa, na mkaa wa kubadilisha uwe kwenye bajeti ya kaunti ya kila mwaka. Bwawa la Itare kule Kuresoi lingetuletea maji ya mto, lakini ujenzi ulikwama 2018. Hatuwezi kulisubiri huku watoto wanaota meno.

Binti Njoro
Bomba la pili, sawa. Namba juu ya tangi pia nakubali. Lakini nani ataipaka? Mwenye kisima akipewa rangi na brashi, kila tangi Nakuru litasoma 1.4.