Ramani ya vyumba vitatu, Goba, Dar: nipange upya vipi kabla ya kuchimba msingi?

kiwanja_goba:
Wakuu, habari za jioni. Naomba macho yenu kwenye ramani kabla fundi hajapiga kamba za kuonyesha msingi utakapochimbwa. Barabara iko kaskazini. Nyumba ni mita 13 kutoka mashariki kwenda magharibi, kwa mita 10. Masta (chumba kikuu cha kulala) iko kona ya kusini magharibi, vyumba viwili vya watoto kaskazini magharibi, sebule kaskazini mashariki, jiko kusini mashariki. Choo cha wote kimebanwa katikati, hakina dirisha la nje, na korido ina mita 7. Tofali ni za inchi 6. Fundi anasema tusogeze kuta kidogo kidogo. Tuanzie wapi?

mchoraji_wa_ramani:
Mkuu, usisogeze ukuta hata mmoja kwanza. Geuza ramani nzima kushoto kulia, kama unavyoiona kwenye kioo. Mlango mkubwa utabaki unatazama barabara, ila vyumba vya kulala vitahamia mashariki na jiko litakwenda magharibi.

Upepo wa kusi unavuma kutoka kusini mashariki, wa kaskazi kutoka kaskazini mashariki. Zote mbili zinaingilia upande wa mashariki wa nyumba, na huko ndiko ulikoweka jiko, kwa hiyo harufu ya samaki wa kukaanga itapita nyumba nzima hadi masta. Halafu kuna joto, maana vyumba vya kulala sasa viko magharibi. Ukuta wa tofali za saruji uliopigwa na jua tangu saa nane mchana unalihifadhi joto na kulirudisha ndani usiku, wakati watoto wamelala. Feni hapo inazungusha joto lile lile.

Sebule ndiyo itakayobeba jua la jioni. Ukuta wake wa magharibi uache bila dirisha, au weka baraza la mita 1.5 upande huo, kisha madirisha makubwa yawe kaskazini.

bomba_inchi4:
Kugeuza ni sawa, lakini choo cha katikati bado ni tatizo. Panga vyote vya maji kwenye ukuta wa kusini. Kuanzia mashariki: masta mita 4.2, choo chake 1.5, choo cha wote 1.5, stoo 1.5, jiko 3.3. Hiyo ni mita 12, ongeza kuta sita za sentimita 15, unapata 12.9. Inaingia.

Vyoo viwili vikipakana, bomba la majitaka ni moja, linapita nje nyuma ya nyumba na halipiti chini ya sakafu. Lishuke walau sentimita 2.5 kwa kila mita. Shimo la majitaka likiwa umbali wa mita 14, mwisho wa bomba uwe chini kwa sentimita 35. Weka chemba (kishimo chenye mfuniko cha kuzibulia bomba) kila bomba linapokata kona, maana likiziba kwenye kona bila chemba utavunja zege. Maji ya jikoni yapitie chemba yake ya kunasa mafuta kwanza. Na kwa kuwa kusi itaingilia madirisha ya vyoo, bomba la hewa lipande hadi juu ya bati, na mlango wa choo cha wote usitazame meza ya chakula.

Kama ni nyumba ya Waislamu, kwa hapa Dar kibla ni karibu kaskazini kabisa. Bakuli la choo litazame mashariki au magharibi. Mwambie fundi bomba mapema, kwa sababu tundu la bakuli linaamuliwa kabla ya zege la sakafu.

kiwanja_goba:
Asanteni sana. Vyumba vya watoto vimeandikwa mita 3 kwa 3, vinatosha?

mchoraji_wa_ramani:
Uliza hizo mita 3 zimepimwa wapi. Kama ni kati ya ukuta hadi kati ya ukuta, toa sentimita 15 za tofali na kama 3 za plasta, unabaki na 2.82. Kitanda na ubao wake kinakula karibu mita 2, kabati sentimita 60. Vikitazamana, zinabaki sentimita 22, na hapo mtu hapiti. Fanya mita 3.3 za ndani. Nafasi utaipata kwa kupunguza sebule.

Korido nayo ikate mara baada ya mlango wa chumba cha mwisho. Kipande kinachobaki, kama mita 2 kwa 1.2, kifungulie masta kiwe kabati la ukutani.

bomba_inchi4:
Nyongeza kwa fundi wako: kuta zihame kwenye karatasi sasa. Msingi ukishajengwa, ukuta ukisogezwa hata sentimita 40 unakaa juu ya zege la sakafu peke yake, na zege hilo linapasuka pamoja na ukuta. Kama kibali cha ujenzi kimeshatoka, peleka mchoro mpya manispaa kabla ya kamba kupigwa.

kiwanja_goba:
Kibali bado. Kesho narudi kwa mchoraji wangu na vipimo hivi.