Je, "Chi" ya Waigbo ni Mungu, ni mzimu, au ni kitu kingine?

Mwalimu wa Isevya (Tabora):

Ndugu wanajamvi, hamjambo. Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule moja ya sekondari hapa Tabora mjini, na swali langu limetoka kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyenishinda mbele ya darasa zima. Tulikuwa tukizungumzia dini za jadi za Afrika, na wanafunzi, kama kawaida yao, wakaleta waliyoyaona katika filamu za Kinaijeria zinazotafsiriwa kwa Kiswahili kwenye vibanda umiza: kitambaa chekundu mlangoni, mganga aliyejipaka chokaa kuzunguka jicho moja, kuku anayechinjwa, na mtu anayeamka asubuhi akiwa tajiri. Ndipo binti mmoja akauliza kwamba, ikiwa dini ya Waigbo, watu wa kusini-mashariki mwa Nigeria, ni ya mashetani, mbona karibu kila mhusika anaitwa Chinedu, Chidi, Chioma au Chinwe, na hiyo Chi ni nani hasa?

Nilimjibu kwamba Chi ni Mungu, nikaendelea na somo. Jibu hilo limenikereketa tangu siku ile, kwa sababu nimewahi kusoma kwamba kila Mwigbo ana chi yake mwenyewe. Mwenye ujuzi anifafanulie.

Msafiri wa Ujiji:

Mwalimu, nilikaa Enugu, mji wa Waigbo, miaka mitatu kwa shughuli za kazi, kwa hiyo nitaeleza nilivyoelezwa na wenyeji.

Hukukosea, ila ulijibu nusu. Kila mtu huzaliwa na chi yake, ambayo ni kama fungu la uungu alilokabidhiwa yeye peke yake, nalo hubeba majaliwa yake na kumsindikiza mpaka kufa. Si mzimu wa babu, maana wahenga wana jina lao na heshima yao, na wala si jini wa kupandishwa kichwani kwa ngoma. Mungu Mkuu huitwa Chukwu, yaani *Chi ukwu*, Chi iliyo kuu. Kwa hiyo jina Chioma, lenye maana ya chi njema, linaweza kumhusu mtoto na bahati yake, ilhali Chinedu, Chi huongoza, wengi leo hulisikia kama jina la Mungu mwenyewe. Waigbo pia husema kwamba mtu akikubali, chi yake nayo hukubali, kwa maana kwamba majaliwa hayamwondolei mtu wajibu wa kujituma. Zamani mwanamume alikuwa na kinyago cha mbao chenye pembe, kiitwacho *ikenga*, alichokitambikia kwa ajili ya nguvu ya mkono wake wa kulia, mkono unaoshika jembe na panga. Nadhani hapo ndipo filamu zinapopotosha zaidi, kwa kuwa zinaonyesha utajiri unaoshuka bila jasho.

Lakini kama unataka kuiona imani hiyo ikiwa hai, usiitafute kwa mganga, itafute sebuleni. Siku ya kwanza nilipokaribishwa nyumbani kwa mwenzangu wa kazini, waliniletea sahani yenye mbegu za kola kabla hata ya maji ya kunywa. Nilipoanza kushukuru kwa Kiingereza, mzee wa nyumba alitabasamu, akaniambia kwamba kola haisikii Kiingereza. Akaishika mkononi, akaiombea kwa Kiigbo, akawataja Chukwu, ardhi na wazee waliotangulia, akasema kwamba aliyeleta kola ameleta uhai. Kisha ikapasuliwa, na watu wote wakainamia sahani kuhesabu vipande. Vilikuwa vinne, chumba kizima kikafurahi, kwa sababu vinne ni sawa na siku nne za juma lao, Eke, Orie, Afo na Nkwo, ambazo pia ndizo siku za masoko. Mzee alitupa kimego kidogo karibu na mlango kwa ajili ya wahenga, nasi tukala chetu kwa kuchovya katika karanga zilizosagwa na pilipili. (Ni chungu, Mwalimu, nisikudanganye.) Mzee huyo huyo ni mzee wa kanisa, na dua ile aliimalizia kwa jina la Yesu, wala hakuna aliyeona ajabu.

Mjukuu wa Unyanyembe:

Namshukuru Msafiri kwa maelezo mazuri, ingawa naona ametuonyesha sebule akatuficha uani. Huwezi kufundisha dini ya Waigbo bila kumtaja Ala, ambaye wengine humwita Ani, yaani ardhi yenyewe ikiwa mungu wa kike. Chukwu yuko juu na mbali, lakini Ala ndiye unayemkanyaga kila siku, ndiye anayeotesha kiazi kikuu, ndiye anayewapokea wafu, na ndiye mwenye sheria. Kumuua ndugu wa ukoo, kuzini na maharimu, kuiba viazi vikuu shambani, hata kujiua, yote hayo yalihesabiwa kuwa machukizo dhidi ya ardhi, si dhidi ya mtu aliyekosewa pekee, kwa hiyo fidia haikutosha mpaka ardhi itakaswe. Watu wa Nri, mji wa kale wa Waigbo, walisifika kwa kazi hiyo ya utakaso, nao walizunguka vijiji vingi wakiheshimiwa bila jeshi wala upanga. Karibu na huko, Igbo-Ukwu, vimefukuliwa vyombo vya shaba nyeusi ambavyo wataalamu wengi huviweka katika karne ya 9, na ufundi wake ni wa kushangaza hadi leo.

Sasa uani. Sheria hiyo hiyo ya ardhi ndiyo iliyohesabu mapacha kuwa chukizo, na katika sehemu nyingi watoto hao walitupwa porini huku mama yao akitengwa. Aidha walikuwapo *osu*, watu waliowekwa wakfu kwa miungu, ambao uzao wao ulitengwa kizazi hata kizazi, haukuoa wala kuolewa na watu wengine. Serikali ya Nigeria ya Mashariki ilipiga marufuku utengano huo kwa sheria mwaka 1956, na bado hadi leo uchumba huvunjika pale ukoo wa mmoja unapochunguzwa.

Wanafunzi wako wa Tabora watalielewa suala la mapacha upesi kuliko unavyodhani, kwa kuwa darasani hukosi Kulwa na Doto, yaani pacha, na Shija anayezaliwa baada yao. Kwetu Unyamwezini pia pacha hawakuwa uzazi wa kawaida, wazazi walifanyiwa matambiko ya kuwatakasa na kijiji kizima kilihusika, ila hofu ile iliishia katika majina ambayo leo tunayaita kwa furaha. Kwa nini hofu moja ilizaa tambiko huku na kifo kule, hilo ni swali zuri kuliko lile la kitambaa chekundu.

Muha wa Kasulu:

Nikubaliane na wote wawili, isipokuwa sehemu moja. Msafiri anamweleza Chukwu kana kwamba Waigbo wote walimwabudu kwa namna moja tangu zamani. Waigbo hawakuwa na mfalme mmoja wala kuhani mmoja, na wasomi wao wenyewe bado wanabishana kuhusu uzito aliokuwa nao Chukwu kabla ya wamisionari kufika Onitsha mwaka 1857 na kulichukua jina hilo kwa ajili ya Mungu wa Biblia. Hata Chineke, jina jingine la Mungu, lina mabishano, kwani wapo wanaolifasiri kuwa "Chi anayeumba" na wapo wanaosema ni wawili, Chi na Eke. Jambo lililo wazi ni kwamba watu wa Arochukwu, mji mwingine wa Waigbo, waliitumia sana sifa ya mahali pao pa kuagulia, Ibini Ukpabi, ambapo mashauri yaliamuliwa na wengi walioshindwa wakauzwa utumwani huku ndugu zao wakiamini kwamba wameliwa na mungu. Waingereza walipabomoa katika vita vyao vya mwaka 1901 hadi 1902, kwa sababu za biashara na utawala pamoja na hizo za huruma walizozitangaza.

Kuhusu majina, Mwalimu, huhitaji kwenda mbali. Chidi maana yake ni kwamba Mungu yupo. Huku Kigoma, hasa upande wa mpakani na Burundi, utamkuta Habimana, na maana yake ni hiyo hiyo: Imana, yaani Mungu, yupo.

Mwalimu wa Isevya (Tabora):

Ahsanteni sana, wakubwa zangu. Nimekuwa na Habimana katika orodha yangu ya mahudhurio tangu Januari, amekaa dawati moja nyuma ya binti aliyeuliza swali, na sijawahi kumuuliza jina lake lina maana gani. Jumatatu nitaanza na yeye, kisha Kulwa, ndipo nirudi kwa Chinedu. Msafiri, nina ombi moja la ziada: kola ikipasuka vipande vitatu, nayo ina tafsiri?

Msafiri wa Ujiji:

Ndiyo, Mwalimu. Wenyeji wangu waliita hiyo kola ya ikenga, ya watu mashujaa, na vijana ndio walioshangilia zaidi.