Mdahalo wa Jumamosi: nani anapinga nyambizi?

*ALHAMISI*

Da Zuhura: Hamjambo wote. Mdahalo ni Jumamosi saa mbili usiku, kwa simu kama kawaida. Mada: "Katika vita vya baharini vya leo, nyambizi imeipiku manowari ya juu ya maji." Nataka wawili wa kuunga mkono, wawili wa kupinga. Majina kabla ya kesho mchana.

Da Zuhura: Watu 19 mmesoma. Naona alama.

Da Zuhura: Haya.

Tatu: Mimi naunga mkono 🙋🏾‍♀️

Da Zuhura: Ahsante. Mmoja huyo. Wengine?

Bakari: Kuunga mkono kila mtu atakimbilia. Nani apinge?

Da Zuhura: Wewe.

Bakari: Nilijua tu.

Da Zuhura: Wewe na Kombo. Kombo ulipinga vizuri sana ile ya manowari za kubeba ndege.

Kombo: Ile mliyonizimia kipaza sauti?

Da Zuhura: Hukuzimiwa. Ulikuwa mtandao.

Kombo: Mtandao ulionikata mimi peke yangu, sentensi haijaisha, halafu mwamuzi anasema "muda umekwisha". Nilibakiwa na dakika mbili. Tatu ndiye aliyeshika saa, aseme.

Tatu: Mimi msinitie.

Da Zuhura: Kombo, tuko kwenye nyambizi.

Mjomba Seif: Nani ameondoka na chaja yangu nyeusi

Da Zuhura: Mjomba shikamoo. Hapa ni mdahalo.

Mjomba Seif: Marahaba. Yenye waya mrefu

Tatu: Nawamwagia hoja ya kwanza hapa hapa, wapinzani walale nayo. Tarehe 2 Mei 1982, vita vya Falklands. Nyambizi ya Uingereza, HMS Conqueror, inaifyatulia manowari ya Argentina, General Belgrano, topido tatu, yaani makombora yanayopita chini ya maji. Mbili zinapiga. Watu 323 wanakufa. Lakini tazameni kilichofuata. Meli kubwa za Argentina, pamoja na ile ya kubeba ndege, zikarudi kukaa karibu na pwani yao mpaka vita vikaisha. Nyambizi imezamisha meli moja, imefungia jeshi zima la majini.

Bakari: Na topido zenyewe muundo wake ni wa kabla ya Vita Kuu ya Pili. Nahodha alikuwa na mpya, akachagua kongwe. Za kisasa hakuziamini.

Hamisi: Kama simu ya Mjomba Seif 😂

Mjomba Seif: Simu haina tatizo. Chaja

Bakari: Tatu, vita hivyo hivyo, upande wa pili. Argentina walikuwa na San Luis, ya dizeli. Ikawafikia Waingereza, ikafyatua, haikuzamisha kitu. Topido zilikuwa na hitilafu. Sasa nyambizi isiyo na topido ya kuaminika inampiku nani?

Tatu: Umejifunga goli mwenyewe. Waingereza waliitafuta San Luis kwa helikopta na meli, wakimwaga silaha kwenye kila mlio waliouona wa mashaka. Hawakuipata. Ikarudi kwao nzima. Haikupiga kitu, na bado iliwala muda, silaha na usingizi. Hiyo ndiyo kazi yake. Mwenzako asijue uko wapi.

Hamisi: Basi kikundi hiki ni jeshi la majini kamili. Nyambizi 14 humu, zimesoma, kimya.

Hamisi: Kaka Juma huibuka mara moja kwa mwezi kuvuta hewa 😂😂

Kaka Juma: Nipo

Hamisi: AMEIBUKA

Kaka Juma: Nilikuwa kazini bwana

Da Zuhura: Juma unaunga mkono au unapinga?

Hamisi: Ameshazama 😂

Da Zuhura: Hamisi, utani wako ndio uliotuharibia mara iliyopita.

Kombo: Mara iliyopita iliharibiwa na mwamuzi.

*IJUMAA*

Shangazi Mwana: 🎤 Ujumbe wa sauti (4:12)

Tatu: Shangazi shikamoo, unasikika upepo tu.

Shangazi Mwana: Marahaba. Basi naandika. Nimeuliza hivi, nyambizi ikipiga meli, watu wanajuaje ni ya nani? Haina bendera huko chini.

Tatu: Swali zuri Shangazi. Machi 2010 meli ya Korea Kusini, Cheonan, ilikatika vipande viwili, mabaharia 46 wakafa. Uchunguzi wa nchi kadhaa ukasema ni topido ya Korea Kaskazini. Korea Kaskazini ikakana.

Shangazi Mwana: Kwa hiyo unapigwa na hujui umpige nani. Mimi naunga mkono.

Da Zuhura: Upande huo umejaa! Tatu na Shangazi. Sasa wapingaji.

Bakari: Nitapinga, lakini Kombo awepo, peke yangu siendi. Hoja ninazo. Manowari Moskva ya Urusi ilizama Aprili 2022, na aliyeizamisha ni Ukraine, kwa makombora kutoka nchi kavu. Ukraine hawakuwa na nyambizi hata moja. Septemba 2023 wakaipiga nyambizi Rostov-na-Donu kwa makombora ikiwa gudi huko Sevastopol. Ikiwa chini ni jini, ikiwa gudi ni bomba la chuma lisiloweza kukimbia. Halafu nyambizi haikagui jahazi, haisindikizi shehena ikaonekana, haiokoi watu. Bahari haitawaliwi kwa kujificha.

Tatu: Hiyo sentensi ya mwisho umeiandaa tangu jana.

Bakari: Tangu asubuhi.

Tatu: Mwaka 2005 Gotland ya Sweden, dizeli na injini ya Stirling isiyohitaji hewa ya nje, ilicheza mazoezi na Wamarekani. Ikapenya walinzi wote, ikaihesabia USS Ronald Reagan kuwa imezama. Manowari ya mabilioni! Ikiwa kwenye betri nyambizi ndogo huwa kimya kuliko ile ya nyuklia, maana mtambo wa nyuklia una pampu zinazovuma.

Hamisi: Na kuna kimya kilichozidi. Februari 2009 nyambizi ya Uingereza, Vanguard, na ya Ufaransa, Le Triomphant, zote na makombora ya nyuklia, ziligongana ndani ya Atlantiki. Bahari yote ile! Kila moja imejificha, haimsikii mwenzake.

Hamisi: Kama Kombo na Da Zuhura kwenye harusi ile.

Kombo: Hamisi.

Da Zuhura: Hamisi hilo hatulizungumzi hapa.

Bakari: Niongeze moja. Nyambizi huua wa kwake. Kursk ya Urusi, Agosti 2000, watu 118. San Juan ya Argentina, 2017, watu 44. Nanggala ya Indonesia, 2021, watu 53. Hakuna adui aliyewagusa.

Hamisi: Basi inajizamisha yenyewe, wapingaji wa nini 😂😂

Babu: Hamisi.

Hamisi: Shikamoo Babu

Babu: Kwenye Kursk watu 23 walibaki hai sehemu ya nyuma, milipuko ikiisha. Ofisa mmoja, Kolesnikov, akaandika majina yao gizani, kwa kupapasa. Karatasi ilikutwa kwenye mwili wake. Mimi nimekaa miaka chumba cha injini, chini ya sitaha. Huko chini hujui vita ni vya nani. Unasikiliza chuma. Bishaneni, lakini wale msiwahesabu kama magoli.

Hamisi: Samahani Babu.

Tatu: Tumekusikia Babu.

Bakari: Ile hoja naiondoa.

Babu: Usiiondoe. Iseme vizuri.

Da Zuhura: Babu, tukuombe uwe mwamuzi kesho.

Babu: Nitasikiliza. Kuamua, hapana.

*JUMAMOSI*

Da Zuhura: Leo saa mbili. Tatu na Shangazi wanaunga mkono, Bakari na Kombo wanapinga. Mwamuzi Mjomba Seif.

Kombo: Mwamuzi nani?

Da Zuhura: Kombo tafadhali.

Kombo: Huyo huyo wa "muda umekwisha"? Basi mimi sijathibitisha.

Bakari: Mimi nilisema peke yangu siendi.

Da Zuhura: Juma, utachukua nafasi ya Kombo?

Da Zuhura: Juma?

Shangazi Mwana: Mimi saa mbili sitoweza, nafika saa tatu.

Da Zuhura: Basi saa tatu. Au mbili na nusu. Semeni.

Mjomba Seif: Chaja imepatikana, ilikuwa kwenye begi langu. Mwamuzi wa nini?

Farida: Ndio nasoma sasa hivi. Ni Jumamosi hii au ijayo?