Naomba ushauri: nitathmini vipi ripoti za kimataifa za kuhimili mabadiliko ya tabianchi kwa niaba ya halmashauri?

Afisa Mipango wa Mwambao

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Mimi ni afisa mipango katika halmashauri moja ya mwambao wa Tanzania, na nimekabidhiwa kazi ambayo naiona ni kubwa kuliko kimo changu. Tumetakiwa kuandika maoni ya kurasa mbili, yatakayounganishwa na ya halmashauri nyingine, tukieleza ripoti za kimataifa za kuhimili mabadiliko ya tabianchi zinamsaidia kwa kiasi gani mtu anayepanga na kuamua, na zirekebishwe wapi ili zimfae zaidi.

Nimezisoma kadiri nilivyoweza. Ripoti ya kundi la pili la IPCC, yaani jopo la kiserikali la kimataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, iliyotolewa Februari 2022 ina kurasa zaidi ya 3,000, na sura yake ya tisa inahusu Afrika peke yake. Muhtasari wake kwa watunga sera nimeurudia mara mbili. Nimesoma pia ripoti ya UNEP, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2025, inayosema kwamba ili kuhimili, nchi zinazoendelea zitahitaji kati ya dola bilioni 310 na 365 kwa mwaka ifikapo 2035, ilhali fedha za umma zilizopokelewa kutoka nje kwa kazi hiyo mwaka 2023 zilikuwa dola bilioni 26 tu. Sina ugomvi na yaliyomo. Mashaka yangu yako kwenye matumizi, na naomba niyaeleze kwa kisa kimoja.

Takwimu za namna hiyo niliwahi kuzipanga aya nzima katika andiko la kuomba fedha za kujenga upya kalavati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara, lililozolewa na maji katika masika ya 2024. Kwenye kikao cha menejimenti mhandisi wetu aliisoma ile aya, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa niweke bomba la milimita 900 au la 1,200?" Nikaifungua ripoti mbele ya wajumbe na kuanza kutafuta. Nilichokipata ni kwamba mvua kubwa zinatarajiwa kuongezeka, tena kwa kiwango cha juu cha uhakika. Mweka hazina akacheka. Kalavati likajengwa kwa ukubwa uleule wa zamani, kwa kuwa ndio uliokuwa tayari na bei kwenye makisio.

Naomba mnisaidie: nitumie vigezo gani kuzitathmini ripoti hizi, bila kuonekana ninadharau kazi ya wanasayansi?

Mhandisi Mstaafu

Kijana wangu, umeuliza jambo la msingi, lakini usianze kwa kuilaumu ripoti kwa kazi ambayo haikutumwa. IPCC haifanyi utafiti wake yenyewe, inatathmini uliokwishachapishwa. Kisha ule muhtasari hupitishwa mstari kwa mstari na wajumbe wa serikali, na nchi wanachama ni zaidi ya 190. Maneno yaliyopita kwenye chekecheke ya namna hiyo hayawezi kutoka yakiwa yametaja bomba la kalavati lako. Takwimu za mvua za eneo lako ziombe Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Hata hivyo, ngoja nikuoneshe kitu ambacho naona wewe na mhandisi wako mlikipita. Ukitoka bomba la 900 kwenda la 1,200, eneo la kupitisha maji linaongezeka kwa takriban asilimia 78. Kama lile la 900 lilikuwa linatosha kwa mvua za zamani, basi mtiririko ukiongezeka kwa asilimia 10 utaweka 1,200, na ukiongezeka kwa asilimia 50 utaweka 1,200 hiyohiyo. Hamkuhitaji tarakimu kamili. Mlihitaji kujua kwamba mabomba hayauzwi kwa kila milimita, na kwamba ndani ya makadirio yote yanayobishaniwa uamuzi wenu ulikuwa mmoja. Hapo ndipo ningeikosoa ripoti: inatumia kurasa nyingi kueleza wanasayansi wana uhakika kiasi gani, na kurasa chache mno kueleza ni maamuzi gani hayayumbi hata uhakika ukiwa mdogo, na ni yapi yanayopaswa kusubiri.

Wa Kaunti ya Mashariki

Mzee, shikamoo. Naomba nitofautiane nawe kwa heshima, kwani naona umezisamehe ripoti hizi mapema mno.

Ninafanya kazi katika serikali ya kaunti moja upande wa mashariki mwa Kenya, na tumeketi na wananchi wadi kwa wadi kutathmini hatari za tabianchi. Katika vikao hivyo sijasikia mtu akiuliza joto litapanda kwa nyuzi ngapi. Huulizwa: bwawa la mchanga la wenzetu, yaani ukuta unaokinga mto wa msimu ili mchanga ujae na kuhifadhi maji, lilidumu masika mangapi, liligharimu pesa ngapi, na mbona lile la pili halishiki maji? Jibu la swali hili la mwisho wazee wanalo. Bwawa la mchanga linafaa pale ambapo mwamba uko karibu chini ya kitanda cha mto. Mwamba ukiwa mbali, maji yanapenya chini ya ukuta na kwenda zake. Ripoti ikisema tu kwamba mabwawa ya mchanga yanasaidia, imesema ukweli ambao unaweza kukupotezea fedha za mwaka mzima.

Kwa hiyo, ndugu Afisa Mipango, kigezo changu kingekuwa hiki: kwa kila hatua inayotajwa, je, imeelezwa ilifaa wapi, ilishindwa wapi, na masharti yake ni yapi? IPCC yenyewe imekiri kwamba hatua nyingi za kuhimili ni ndogo na za vipande vipande. Kukiri ni vyema, ila mimi ninayepaswa kuchagua kipande kimoja kati ya hivyo sijasaidika bado.

Sababu mojawapo imo katika sura hiyohiyo ya tisa uliyoisoma. Kati ya mwaka 1990 na 2019, utafiti unaohusu Afrika ulipata asilimia 3.8 tu ya fedha za utafiti wa tabianchi duniani, na katika hizo asilimia 78 zilikwenda kwa taasisi za Ulaya na Marekani Kaskazini, zile za Afrika zikaambulia asilimia 14.5. Ripoti inayotathmini yaliyochapishwa haiwezi kujua habari za bwawa ambalo hakuna aliyeliandika.

Binti wa Pemba

Kaka Afisa, hiyo bilioni 365 umeinukuu kama kitu kilichoshuka kutoka juu, kumbe imepanda kutoka chini. Ile 310 imetokana na mahesabu ya modeli, lakini 365 imekadiriwa kwa kufuata mahitaji ambayo nchi zenyewe zimeyaandika katika mipango na ahadi zao. Huku kwetu yapo mabonde ya mpunga yanayoingiliwa na maji ya bahari, na wakulima wanajua ni jaluba gani liliachwa lini. Kama gharama ya tuta la kuyazuia maji hayo haimo katika mpango wowote wa taifa, ripoti haitaijua. Ningeandika jambo hili katika maoni, kwa sababu linatuhusu sisi kama linavyowahusu waandishi wa ripoti.

La pili ni lugha. Mihtasari hiyo hutolewa kwa lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, na Kiswahili hakimo. Sisemi hivyo kwa ajili ya fahari. Diwani akisoma kwamba jambo "linaelekea kutokea" anadhani ni dhana ya mtu, kumbe kwa kipimo cha IPCC neno hilo lina maana ya uwezekano wa asilimia 66 au zaidi. Hata humu ndani wengine tunasema kuhimili, wengine kukabiliana, na sina hakika kama tunazungumzia kitu kimoja.

Msomaji wa Rasimu

Naongeza moja la kiutendaji. Maoni yanayosema ripoti "ziwe rafiki kwa mtumiaji" huishia kwenye faili. Rasimu za IPCC zina hatua ya mapitio ya wataalamu, na mtu hujiandikisha mwenyewe akieleza ujuzi alionao; maoni hutolewa kwa kutaja ukurasa na mstari, na waandishi wanawajibika kuyajibu. Uzoefu wa kupanga bajeti ya halmashauri ni ujuzi, usijidharau. Zaidi ya hayo, katika awamu hii ya saba ya tathmini zake IPCC imeamua kuuhuisha mwongozo wake wa kitaalamu wa mwaka 1994 kuhusu kutathmini athari na hatua za kuhimili. Mlango wa hoja zenu ni huo hasa. Mtanzania mwenzetu, Dkt. Ladislaus Chang'a, alichaguliwa kuwa mmoja wa makamu wenyeviti wa jopo hilo jijini Nairobi, Julai 2023, kwa hiyo hamtakuwa mnaandikia watu wasioijua masika na vuli.

Afisa Mipango wa Mwambao

Nawashukuru sana. Nimefuta ukurasa wa kwanza wote, uliokuwa umejaa mabilioni, na sasa ninaanzia na swali la bomba. Kisha nitachukua maamuzi matano tuliyoyafanya kweli katika bajeti mbili zilizopita, na kwa kila moja nioneshe ripoti ilitupa nini, ilikosa nini, na kama kilichokosekana kilikuwa kazi yake au kazi ya mtu wa katikati, mfano Mamlaka ya Hali ya Hewa, kama Mzee alivyonisahihisha.

Mzee, shikamoo. Nina tatizo moja. Kumbukumbu za mvua nilizopata za kituo cha jirani zina miaka iliyorukwa, na mhandisi wetu anasema hazifai kwa mahesabu. Nimwambie nini?

Mhandisi Mstaafu

Marahaba. Mwambie alete daftari hilo na mapengo yake, kisha mwende wote wawili hadi kwenye kalavati. Waulizeni wenyeji maji yalifika wapi mwaka 2024, na mpime alama ya tope kwenye kuta za nyumba zilizo karibu. Fanyeni hivyo mapema, kabla hawajapaka chokaa.