Sato wangu wamedumaa: niweke kambare au nianze upya?

Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri kwa wanaofuga samaki nyumbani.

Nipo Morogoro. Nina kibwawa cha turubai nyuma ya nyumba, mita 5 kwa 4, kina mita 1. Miezi minane iliyopita nilipandikiza vifaranga 80 vya sato, majike na madume mchanganyiko. Sifanyi biashara, ni starehe yangu ya jioni na kitoweo cha mara moja moja (mke wangu anasema sokoni ningekipata kwa bei nafuu, na hesabu zinambeba). Chakula cha kuelea pekee kinanitoa kama elfu 30 kwa mwezi, bili ya maji bado.

Shida ni kwamba wamezaliana mno. Wakubwa hawazidi kiganja, vitoto vimejaa kila kona, na alfajiri nawakuta wanahema juu ya maji. Nimepunguza chakula, nikabadilisha theluthi ya maji. Kuhema kumepungua, ila ukuaji ni uleule.

Je, nikiweka kambare wachache wale vitoto, wawe wa ukubwa gani wasije wakanimalizia na sato wenyewe? Au nivue wote nianze na madume matupu?